NYUMBA YA MAGURUDUMU NA LIKIZO YA MFANYAKAZI

Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tumeukumbuka usemi huo kila tunapoona picha za magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani yake, ambayo watu wa Ulaya na Marekani huyaendesha, au huyafunga nyuma ya motokaa zao, wakaenda kupiga kambi ufukoni na milimani. Kwa nje yanapendeza kweli kweli. Lakini sisi tunaowaandikia watu wa kazi hatuna budi kuufungua mlango na kuuliza: Nani ameijenga nyumba hii? Imelipiwa kwa fedha gani? Na huyo alalaye humo yumo likizoni, ama hana pengine pa kuuweka ubavu wake?

Magari ya kukokotwa huitwa karavani, neno lililotoka kwa Waajemi, na maana yake ni msafara. Misafara si mambo mageni kwetu. Babu zetu waliijua ile ya kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, na waliijua kwa mabega yao, maana wao ndio waliobeba pembe. Msafara wa anasa ulikuja baadaye. Mwaka 1885 daktari mmoja wa Uingereza, William Gordon Stables, alijengewa nyumba ya magurudumu yenye kukokotwa na farasi wawili, akatembea nayo nchini kwa starehe, na mtumishi wake akitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu. Hata huku Afrika, mwaka 1959, Mmarekani Wally Byam, mwenye kiwanda cha magari ya Airstream, aliongoza msafara wa magari 41 ya namna hiyo kutoka Cape Town kwenda Cairo.

Basi ilikuwaje starehe ya mabwana ikawafikia watu wa viwandani? Wengine watajibu kwamba ni motokaa. Sisi hatukubali. Motokaa bila siku za kupumzika ni chombo cha kumpeleka mtu kazini tu. Kilichofungua njia ni likizo yenye malipo. Katika Ufaransa wafanyakazi waliipata likizo ya majuma mawili mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1938. Ujerumani ya Magharibi iliweka sheria ya likizo mwaka 1963. Likizo na mshahara wa kutosha vilipokutana, ndipo makambi yalipojaa. Mwaka 2024 Ujerumani ilikuwa na magari ya kulala zaidi ya 900,000 katika daftari zake.

Sasa na tuitazame Marekani, nchi inayoyatengeneza kwa wingi. Sehemu kubwa ya magari hayo hutoka wilaya moja tu, Elkhart, katika jimbo la Indiana. Huko mafundi wengi hulipwa kwa hesabu ya magari wanayoyamaliza: anayekwenda mbio hupata, na anayechoka hukosa. Watu wakiwa na fedha, kiwanda huita mikono. Fedha zikiadimika, nyumba ya magurudumu ndiyo kitu cha kwanza kuachwa, na fundi wake ndiye wa kwanza kufukuzwa. Mwaka 2006 viwanda vya Marekani vilitoa magari 390,000 hivi. Mwaka 2009, mabenki yalipokwisha kuporomoka, yalitoka 166,000 tu, na katika Elkhart karibu mtu mmoja kwa kila watano wenye kutafuta kazi hakuwa nayo. Ulipokuja ugonjwa wa korona, watu wakakimbia hoteli na ndege, na mwaka 2021 yakatoka zaidi ya 600,000. Miaka miwili baadaye hesabu ikashuka hata 313,000 hivi. Bahari ikijaa, tajiri huvua. Ikikupwa, fundi ndiye anayebaki mchangani.

Na mnunuzi je? Wengi hununua kwa mkopo, na mikopo mingine hulipwa kwa miaka 15 au hata 20. Sheria ya kodi ya Marekani huihesabu gari yenye kitanda, jiko na choo kuwa ni nyumba, hata riba ya mkopo wake yaweza kupunguzwa katika kodi. Lakini nyumba ya kweli hukaa juu ya ardhi, na mara nyingi thamani yake hupanda. Hii huanza kushuka thamani siku inapotoka dukani. Mtu mwenye likizo ya majuma matatu huitumia majuma matatu, na majuma 49 hukaa chini ya turubai, ikidai bima, mahali pa kuiegesha, na mipira mipya. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Lakini jambo linalotugusa zaidi ni jingine. Baada ya mwaka 2008 wazee wengi wa Marekani, waliopoteza nyumba zao na akiba zao, walihamia katika magari haya. Kampuni ya Amazon iliwawekea mpango maalumu ulioitwa CamperForce, wakawa wanahama na magari yao kwenda kufanya kazi katika maghala yake wakati wa msimu wa sikukuu. Mwandishi Jessica Bruder alieleza habari zao katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ilipata tuzo kuu ya Oscar mwaka 2021. Wazee wale walikuwa na magurudumu, tena walikuwa na kambi, ila mapumziko hawakuyaona. Gari ni lile lile, kitanda ni kile kile; kwa mmoja ni likizo, kwa mwingine ni kufukuzwa na kodi ya nyumba.

Watatokea watu watakaosema kwamba tunaona wivu. Sivyo. Kupika chakula chako chini ya mti na watoto wako, bila kulipa hoteli, ni jambo jema, na tungependa kila mfanyakazi alipate. Tunalosema ni kwamba utajiri wa taifa haupimwi kwa wingi wa nyumba zinazotembea, bali kwa sababu iliyomtia mtu ndani yake.

Nasi tunalo la kujifunza. Marekani, kwa wingi wote wa magari yake, haina sheria ya taifa zima inayomlazimisha mwajiri kutoa likizo yenye malipo. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2004, humpa mwajiriwa siku 28 kwa mwaka, na Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, siku 21 za kazi. Hiyo ni mali kuliko gari lo lote. Lakini haki isiyotumiwa huota kutu. Je, ni wangapi kati yetu wanaozichukua siku hizo zote? Na kibarua anayeajiriwa leo na kuachwa kesho, siku zake ziko wapi?

Tena si lazima kila mtu anunue kitu atakachokitumia siku ishirini. Katika Ufaransa, kamati za wafanyakazi zilizowekwa kisheria mwaka 1945 zilijenga makambi na nyumba za mapumziko, na mtu wa kiwandani akapata pwani kwa bei anayoiweza. Vyama vyetu vya wafanyakazi na vya ushirika vyaweza kufanya vivyo hivyo: kiwanja, maji safi, vyoo, mahema ya kukodi, na mlinzi anayelipwa vizuri.

Kwa hiyo twawaambia viongozi wa matawi: ianzeni kazi hii kwa kuuliza kila mwanachama amebakiwa na siku ngapi za likizo, na kwa nini. Magurudumu yatakuja baadaye. Siku za kupumzika ni zetu tangu leo, na asiyezidai atawaachia wengine.