Mama Mwenye Kisukari Msimkalishe Kitako



Leo nataka kusema na watoto, hasa nyinyi wanafunzi mnaorudi likizo mkamkuta mama au nyanya amekaa barazani tangu asubuhi. Katika nyumba zetu nyingi hapa Mombasa, siku daktari anaposema "una sukari", mgonjwa huondolewa kazi zote. Anapokonywa ufagio, anapokonywa ndoo, na akitaka kwenda sokoni anaambiwa, "Kaa mama, wewe mgonjwa." Tunafanya hivyo kwa mapenzi, sina shaka. Lakini naona mapenzi haya yanamdhuru.

Msuli unapofanya kazi huchukua sukari iliyomo kwenye damu, hata kwa mtu ambaye insulini yake haifanyi kazi sawasawa. Ndiyo maana anayetembea robo saa baada ya chakula, sukari yake haipandi kama ya yule aliyejilaza baada ya sahani ya biriani. Na faida hiyo haidumu. Ikipita siku moja, mbili, au tatu kwa wingi, imekwisha. Kwa hiyo kumtembeza mama Jumapili moja, kisha akae wiki nzima, ni kazi bure. Shirika la Afya Duniani linataka watu wazima, wakiwemo wenye maradhi haya, wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano, basi. Mwendo uwe wa kumwezesha kuzungumza, lakini akijaribu kuimba pumzi zimkatike.

Utasikia, "Atatembea wapi, na watu watasema nini?" Watu waache waseme. Buibui halimzuii mtu kutembea. Pale Mama Ngina pana nafasi kubwa kando ya bahari, na tangu pafunguliwe upya mwaka 2019 pana njia nzuri za kutembea. Asiyetaka kutoka, kufagia ua ni mazoezi, na nyumba za ghorofa za Mji wa Kale zina ngazi za kutosha. (Vijana wa kiume nao wanaokaa na simu mpaka usiku wa manane wasidhani maneno haya ni ya wazee peke yao.)

Ila iko tahadhari. Anayedungwa sindano za insulini, au anayemeza vidonge kama glibenklamaidi, sukari yaweza kumshuka akiwa njiani. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Apime kabla ya kutoka, na akiwa chini ya 5 ale kitu kwanza. Mfukoni awe na peremende au soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Nusu chupa ya soda ndogo yatosha kumwanzia, kisha mngoje robo saa mpime tena. Mwenye kidonda mguuni, anayevuja damu ndani ya macho, au anayesikia maumivu ya kifua asianze mpaka amwone daktari.

Ramadhani pia ina hesabu yake. Kwa mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari kufunga, tarawehe yenyewe ni mazoezi. Yale ya nguvu ayaache saa chache kabla ya magharibi, maana hapo ndipo sukari huwa iko chini.

Sasa viatu. Kisukari huua hisia za miguu, mtu akatembea na kijiwe ndani ya kiatu asijue mpaka kimemtoboa. Champali hazifai. Mnunulieni raba zinazomtosha vizuri na soksi za pamba. Kisha wewe uliye likizo, baada ya alasiri mshike mkono mtoke pamoja. Mkirudi mvue viatu, umtazame nyayo na katikati ya vidole, kwani yeye huenda haoni tena vizuri mpaka kule chini.