Jina Halilindwi na Cheti cha Ukutani

Wafanyabiashara wetu wana imani moja isiyotikisika: ukishasajili jina, ni lako, na atakayeligusa mtakutana mahakamani. Cheti hutiwa fremu, kikatundikwa ukutani, na mwenye duka akalala usingizi wa pono. Imani hiyo ni potofu, tena ni ya hasara.

Kwanza, wengi wamesajili kitu kingine. Tanzania Bara, BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, husajili jina la biashara kwa sheria moja na alama ya biashara kwa sheria nyingine. Cheti cha jina huonyesha nani anaendesha biashara. Peke yake hakimzuii jirani kubandika jina hilo kwenye sabuni yake. Kazi hiyo ni ya alama. Nayo hulinda aina za bidhaa ulizoziorodhesha, kwa miaka 7 ya mwanzo, na haivuki maji kwenda Zanzibar, ambako usajili ni mwingine.

Pili, hata alama haitoshi. Apple Corps, kampuni ya Beatles, ilianza mwaka 1968. Mwaka 1981 ilikubaliana na Apple ya kompyuta: sisi muziki, nyinyi kompyuta. Kompyuta zikaanza kutoa muziki, kesi ikafunguliwa 1989, na mkataba mpya ukafungwa 1991. Huo uliiruhusu Apple ya kompyuta kuweka nembo yake kwenye huduma za kufikisha muziki, ila si kwenye vitu vya kushikika kama CD. Mwaka 2003 likaja duka la iTunes, linalouza nyimbo bila CD. Apple Corps ikashtaki London. Mwaka 2006 Jaji Mann alipima maneno ya mkataba, akaamua kwamba nembo ilihusu duka, si nyimbo. Mwaka uliofuata Apple ya kompyuta ikamiliki alama zote. Iliyotangulia kuitwa Apple ikabaki kutumia jina kwa leseni.

Utaambiwa hayo ni ya mabilionea. Thubutu! Anayemkabidhi wakala wa Mwanza jina la unga wake kwa kupeana mikono tu anajitafutia mgogoro uleule, tena bila karatasi ya kumwonyesha jaji.

Sajili, ndiyo. Kisha andikianeni: nani atumie jina, kwa bidhaa gani, wapi, hadi lini, na mkiachana mifuko iliyokwisha kuchapwa ni ya nani. Mkataba usiojibu hayo usiutie saini.