Kapu Halijazwi kwa Maneno

Aghalabu usiku wa kuamkia mechi kubwa, kando ya jiko la rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, hapa Wandegeya, mashabiki wa timu ya chuo huzozana, mmoja akichora kwa kidole chenye mafuta juu ya gazeti pale ambapo vijana wetu hukosa shabaha, mwenziwe akiapa kwamba wafungaji wa pointi 3 wapo tele. Nami, kwa insafu, nawakumbusha kwamba mchezo huu wa mpira wa kikapu, aliobuni James Naismith mwaka 1891 katika chuo cha YMCA kule Springfield, Marekani, shirika lile lile lenye uwanja hapa jirani, ulichezwa kwanza kwa vikapu vya matunda, na mechi hiyo ya kwanza ikaisha kwa bao 1 kwa 0. Basi atakaye kuijua timu asihesabu mitupo tu, atazame pia ni nani arudiye kulinda mpira ukipotea.