Pasi ya makumbusho Paris: hesabu kabla ya kununua

Mfanyabiashara anayepita Paris kwa siku mbili baada ya maonyesho ya biashara hushawishika kununua pasi ya makumbusho, akiamini kwamba bei ya jumla lazima iwe nafuu kuliko rejareja. Kariakoo imani hiyo ina msingi, kwani gunia la sukari lisilouzwa leo litauzwa kesho. Saa ya pasi ikishapita haina mnunuzi.

Mwanzoni mwa 2024 Paris Museum Pass ya siku mbili iliuzwa yuro 62. Mwaka huo kiingilio cha Louvre kilipanda kutoka yuro 17 hadi 22. Musée d'Orsay ilitoza 16, Arc de Triomphe 16 na kanisa la Sainte-Chapelle 13. Mgeni aliyeingia sehemu tatu za kwanza kwa tiketi mojamoja alitumia yuro 54, hivyo mwenye pasi alipoteza 8. Kwa kuongeza Sainte-Chapelle jumla ilifika 67, na pasi ikaleta faida ya yuro 5. Yaani sehemu nne kwa saa 48, wakati Louvre peke yake humaliza nusu siku na miguu yote miwili. Muuzaji anaijua miguu hiyo vizuri kuliko mnunuzi.

Pasi ya siku nne, iliyouzwa yuro 77, ilikuwa biashara nzuri zaidi: siku mbili za nyongeza kwa yuro 15. Lakini mwenye shehena ya kufuatilia hana siku nne.

Ratiba nayo ina mitego. Louvre hufungwa Jumanne na Orsay Jumatatu, hivyo anayefika Jumatatu hana nafasi ya kubadili mpango. Mwenye pasi bado hutakiwa kuweka miadi ya saa ya kuingia Louvre. Nafasi zikijaa, pasi haimsaidii. Mnara wa Eiffel, ambao ndio wengi huufuata, haumo kabisa.

Tangu Januari 2026 Louvre inawatoza wageni kutoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya yuro 32. Hesabu ya 2024 basi isinakiliwe. Ipigwe upya kwa bei za wiki ya safari, kwa sehemu ambazo mgeni ataingia kweli. Anayesafiri na watoto asiwanunulie pasi: walio chini ya miaka 18 huingia Louvre na Orsay bure.