Bura Isingoje Tangazo la Ruzuku

Kuna neno limezuka siku hizi vinywani mwa wakubwa, nalo ni "kazi za kijani". Maana yake si ngumu: kuotesha miche, kulinda msitu na kingo za mto, kufuga nyuki, kuondoa magugu yaliyoharibu malisho, kufunga mitambo ya umeme wa jua. Serikali ya Kenya ilitangaza mnamo Desemba 2022 kwamba itapanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tangu hapo kazi hizo hutajwa katika mikutano mingi, na pamoja nazo hutajwa ruzuku za kuwafundishia vijana. Mimi sina ugomvi na ruzuku. Ugomvi wangu ni na saa. Tangazo hutoka leo, mlango ukafungwa baada ya siku chache, na kijana wa Bura siku hizo zote huwa yuko mbioni kutafuta picha ndogo za kubandika na nakala za vyeti.

Bura ninayoisemea ni ile ya Tana River, utakayoifikia ukiifuata njia ya Garsen kwenda Garissa. Si Bura ya Taita, wala Bura ya ng'ambo ya mto iliyo upande wa Garissa. Msomaji asidhani ninapoteza wino kwa kulifafanua hilo. Aandikaye "Bura" peke yake katika fomu, bila kutaja kaunti, jimbo na wadi, amemwachia karani wa Nairobi achague mwenyewe katika Bura tatu.

Sasa tutazame kwa nini mji huu una haki ya kutangulia katika mafunzo hayo. Mwaka 1977 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi mkubwa wa kunyunyizia mashamba maji ya Mto Tana hapo Bura. Hekta 6,700 zilikusudiwa, pamba ndiyo iliyotazamiwa, na familia za kwanza zilihamishiwa huko mwaka 1981 kutoka pembe nyingi za Kenya. Hesabu haikutimia. Zilizokaa ni familia zaidi kidogo ya 2,000, nayo mitambo ya kuvuta maji ikawa mzigo juu ya mzigo. Lakini watu wale walihitaji kuni za kupikia, na ili wasiimalize misitu ya kando ya mto, wataalamu wakapanda miti ya kigeni, mmojawapo ukiwa huu tuuitao mathenge. Mti huo haukuanzia Bura. Pwani yetu ndiyo iliyoupokea mwanzo, kwenye machimbo ya Bamburi karibu na Mombasa, mwaka 1973, ili kuifunika ardhi iliyochimbwa ikaachwa tupu. Huko Bura na Hola uliingia mapema katika miaka ya 1980.

Nani asiyeujua mathenge leo? Mwiba wake hutoboa gurudumu la lori sembuse kwato za ng'ombe. Maganda yake matamu huwapendeza mbuzi, kisha huwaoza meno. Umezifunga malka, zile njia ambazo mifugo ya Waorma na Wawardei hushukia mtoni, na umeingia katika mashamba ya Wapokomo. Mwaka 2008 Serikali yenyewe iliutangaza kuwa gugu haribifu. Ndugu zetu wa Baringo walioletewa mti huohuo waliishitaki Serikali, wakampeleka mbuzi asiye na meno mpaka mahakamani ili hakimu ajionee.

Ninachotaka kukisema ni hiki. Mathenge ulipoletwa, waliosikilizwa ni wale waliokuwa na karatasi. Mfugaji aliyejua mbuzi wake anakula nini hakuwa na cheti cha kumwezesha kukaa kwenye meza ile. Sasa unakuja wakati wa kufundisha watu kuung'oa, kuuchoma makaa, kusaga maganda yake yawe chakula cha mifugo kisichowadhuru, na kupanda miti mingine mahali pake. Na mimi naona dalili kwamba meza ni ileile. Ikiwa nafasi za mafunzo zitakwenda tena kwa wajuao kujaza fomu tu, watakuja Bura wageni wenye vyeti kuwafundisha Wapokomo namna mto unavyofurika.

Na hao Wapokomo hawahitaji kufundishwa hilo. Wamelima kwa kufuata maji ya mafuriko tangu zama za mababu, wakijua maji yakipungua udongo upi wa kupanda mpunga na upi wa kupanda mahindi. Mafuriko ya 1997, ya Novemba 2023 na ya masika ya 2024 yaliwatia hasara kubwa, lakini wazee wa Gasa wanaweza kukuonyesha mpaka wa maji ya kila mwaka bila kushika ramani. Mwanamke wa Kiorma anazijua nyasi kwa majina. Ilimu hii yote haina muhuri, na fomu huuliza muhuri.

Basi muhuri utafutwe, na utafutwe sasa, kabla ya tangazo. Mamlaka ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo wengi huiita NITA, hufanya mitihani ya ufundi kwa gredi, na mtu aliyejifunza kazi kwa mikono, bila kukaa darasani, anaweza kuufanya mtihani huo. Tena ipo Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2014, na katika kazi zake mna huu mpango wa kuutambua ujuzi ambao mtu alikwisha kuupata kazini. Kijana aliyefuga nyuki miaka sita na aandike: mizinga mingapi, wapi, asali kiasi gani, nani aliyemnunulia. Apige picha. Chifu na mwenyekiti wa kikundi watie saini. Kitabu cha shilingi hamsini kilichoandikwa vizuri kitamfaa kuliko maneno matupu siku atakayoulizwa, "Wewe una ujuzi gani?"

Halafu kuna jambo la majina, nalo limewaponza Waislamu wengi pwani nzima. Katika cheti cha kuzaliwa mtu ni Muhammad, katika kitambulisho ni Mohamed, katika cheti cha shule ni Mohammed, na jina la babu limo huku, kule halimo. Kwetu huyo ni mtu mmoja, kwa tarakilishi ni watu watatu, na tarakilishi haina jirani wa kumuuliza. Ziko hati za kiapo za kusawazisha hayo, na hazipatikani kwa siku moja. Asiye na kitambulisho kabisa aende akakiombe. Lile sharti la kuwachuja upya watu wa kaunti za mpakani, Tana River ikiwamo, kabla ya kupewa kitambulisho, liliondolewa kwa amri ya Rais mnamo Februari 2025. Akikataliwa leo, na aulize kwa adabu ni kwa sheria gani.

Jingine ni la dini, na nimeulizwa zaidi ya mara moja: je, fedha hizi zina riba? Jibu ni kwamba ruzuku si mkopo. Ruzuku hutolewa kwa masharti ya kazi, wala hairudishwi ukiyatimiza masharti hayo. Lakini vijana wetu huchanganyishwa, kwa kuwa matangazo yote hutolewa na sauti moja. Mfuko wa Hustler uliozinduliwa Novemba 2022, kwa mfano, ni mkopo, na una asilimia 8 kwa mwaka. Mpango wa NYOTA uliotangazwa 2025 ulitoa shilingi 50,000 za kuanzia biashara, nazo zilikuwa ruzuku, kwa vijana wa miaka 18 hadi 29, na walemavu mpaka 35. Soma kwanza, ndipo utie saini. Na usiposoma, usije ukamlaumu sheikh kwamba hakukuonya.

Wengine watasema, "Sisi tumetawakali." Kisa cha bedui na ngamia wake tulisomeshwa chuoni sote, na nadhani tunakumbuka Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru aanze na nini.

Penye kikundi, mzigo hupungua. Sheria ya kusajili vikundi ya mwaka 2022 inataka watu kumi tu. Kumi hao wa Bura wangefaa wawe mchanganyiko, mfugaji na mkulima, mwenyeji na mtoto wa mhamiaji wa mwaka 1981, kwani mathenge haukuuliza shamba ni la kabila gani. Isitoshe, katika ule mpango wa Serikali na wafadhili wa kuzipa wadi fedha za kukabili mabadiliko ya tabianchi, kila wadi hutakiwa kuwa na kamati yake. Vijana na waende katika vikao vya kamati hiyo, wasikie mafunzo gani yanaombwa kwa jina lao.

Mpaka hapa nimewaelemea vijana, na Serikali nayo ina fungu lake. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mbona basi fomu za ruzuku huja kwa Kiingereza kitupu, hata zile ziendazo Bura na Garsen? Mtu anayeweza kueleza kwa Kiswahili fasaha jinsi ya kuung'oa mathenge usichipue tena huonekana mjinga kwa sababu tu ameulizwa kwa lugha nyingine. Na hizi fomu za kujazwa kwa simu zinataka mtandao, na kuna mahali huko ambako mtandao hushikwa juu ya kichuguu. Fomu na zichapishwe kwa Kiswahili, zifike kwa chifu mwezi mzima kabla ya siku ya mwisho, na majina ya waliochaguliwa yabandikwe mlangoni mwa afisi hiyohiyo, pamoja na wadi zao, kila mtu ayasome.