Wazazi wa Ngezi, tuweke buletini na Exetat kwenye meza moja



Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yanapotoka, kartie yetu nzima hapa Bunia huyajua kabla jua halijazama. Simu zinalia, ujumbe wa matokeo unasomwa kwa sauti, na waliopata diploma wanatoka barabarani na unga mweupe kichwani. Tunashangilia pamoja, na ndivyo inavyopasa. Lakini nyumba ya pili yupo mtoto ambaye buletini yake ilikuwa na asilimia 70 tangu mwaka wa kwanza wa humanite hadi wa nne, wa tatu darasani, tabia njema, hakuna somo hata moja lililopigiwa mstari mwekundu. Jina lake halimo. Tunaenda kumpa mama yake pole. Tunasema ni bahati mbaya, ni mashine ya Kinshasa, ni jicho la mtu. Mwaka unaofuata tunapeleka pole ile ile kwenye mlango mwingine.

Ninaandika kuwaomba kwamba mwaka huu, pamoja na pole, tuulize swali. Asilimia 70 hizo zilitoka wapi?

Buletini ni kazi ya shule yenyewe. Periodi ya kwanza, periodi ya pili, mtihani wa muhula, kisha mzunguko huo tena: pointi zote zinatolewa na watu wa shule moja, na ni wao wanaosahihisha na kuandika. Exetat inakwenda kwa njia nyingine. Ilianzishwa 1967 ili diploma iwe na thamani moja nchi nzima. Maswali yanatungwa Kinshasa, na finalisti wa Bunia anapimwa kwa kipimo kile kile cha mwenzake wa Lubumbashi aliye katika opsyo moja naye. Ukiacha insha na mitihani mingine ya kabla, katika siku nne za mwisho mtoto anachagua majibu, na kompyuta ndiyo inayosahihisha. Kompyuta haimjui baba yake wala haijui kama alilipa minerval, yaani karo.

Vipimo viwili vya namna hiyo haviwezi kulingana sawasawa, na sitaki mtu amlaumu mwalimu kwa sababu ya mtoto mmoja aliyeteleza. Mtoto anaweza kuugua asubuhi ya mtihani. Wapo watoto wa Djugu waliokimbia vita katikati ya mwaka, wanaosomea kwenye mwanga wa simu katika kambi ya Kigonze, na siku nne haziwezi kueleza yote waliyo nayo kichwani. Tena maswali ya kuchagua hayapimi kila kitu. Mtoto mmoja akianguka, tumfariji. Lakini darasa zima likiwa na wastani mzuri katika buletini, kisha nusu yake ikakosa diploma, hapo hatuzungumzii tena ugonjwa wa mtoto. Na shule ambayo watoto wake walikuwa wakiokotwa kwenye 50 mwaka mzima, kisha wote wakapita Exetat kwa asilimia kubwa, nayo ina jambo la kutueleza. Sote tunajua buyoni, yaani majibu yanayodaiwa kuvuja, zinavyozunguka katika simu usiku wa kabla ya mtihani, na zinavyouzwa kwa watoto wetu, nyingine zikiwa uongo mtupu.

Wenzetu wa jirani wameyapitia haya. Kenya, mwaka 2015, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata alama ya A katika mtihani wa kidato cha nne. Mwaka uliofuata, waziri wa elimu Fred Matiang'i alipobana wizi wa mitihani, walioipata walikuwa 141. Haiwezekani akili za watoto ziwe zimepungua kiasi hicho kwa mwaka mmoja. Na Uingereza mwaka 2020, mitihani ilipofutwa kwa sababu ya korona, walimu walikadiria alama, kisha hesabu za kompyuta zikashusha karibu 4 katika kila 10 ya makadirio hayo. Vijana waliandamana, na tarehe 17 Agosti serikali ikarudi kwenye alama za walimu. Hakuna upande uliotoka na fahari katika mzozo ule. Ulichoonyesha ni kwamba kati ya anachoandika mwalimu na kinachosemwa na mtihani kuna pengo, hata katika nchi tajiri, na pengo hilo lisipoangaliwa mapema huwaangukia watoto siku ya mwisho.

Kwetu pengo hili lina sababu tunazozijua, ingawa hatupendi kuzisema mkutanoni. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini sekondari bado inaishi kwa mfuko wa mzazi. Prefe, yaani mkuu wa shule, anajua kwamba darasa likipungua watoto kumi, kuna mwalimu atakayekosa chakula, hasa yule ambaye serikali haijamweka kwenye orodha ya mishahara. Anajua pia kwamba mzazi akiona asilimia 45 kwenye buletini, Septemba atampeleka mtoto shule ya ng'ambo ya barabara, ambako atapewa 60 bila kuulizwa kitu. Kwa hiyo pointi zinapanda. Mwalimu hakumaliza programu, kwa sababu ya mgomo au kwa sababu barabara ilifungwa na risasi, basi anatunga mtihani juu ya sura tatu alizofundisha, na watoto wanapata 16 juu ya 20 katika sura hizo tatu. Buletini haisemi kwamba sura saba hazikuguswa. Exetat inaziuliza zote.

Na pale pointi zinapokaa mkononi mwa mtu mmoja bila mtu mwingine kuziangalia, zinakuwa bidhaa. Wapo wanaozinunua kwa franga. Wapo wasichana wanaoombwa kingine. Mama zangu, dada zangu, hili mnalijua kuliko mimi, na msichana aliyekataa ndiye anayebeba mstari mwekundu nyumbani na kupigiwa kelele na baba yake.

Ombi langu ni hili. Kila shule ya sekondari ambako watoto wa Ngezi wanasoma ina kamati ya wazazi. Tuiombe kamati iitishe mkutano mkuu, na prefe aje na karatasi moja tu: kwa kila finalisti wa mwaka uliopita, asilimia aliyopata shuleni na, kando yake, asilimia ya Exetat, au neno kwamba hakupita. Bila majina. Mtoto asiaibishwe mbele ya watu. Shule inazo namba hizo zote mbili. Sheria ya elimu ya 2014 inatuita sisi wazazi wabia wa elimu, na mbia ana haki ya kuona hesabu. Tukiisoma karatasi hiyo kwa sauti, mstari kwa mstari, kila mtu ataona kama shule yetu inapima au inapamba.

Shule ambako pengo ni kubwa, tuzisaidie badala ya kuzichafua. Walimu wa shule mbili au tatu za jirani wanaweza kutunga mtihani mmoja wa hesabu na wa Kifaransa kwa darasa la tatu la humanite, watoto waandike namba badala ya majina, na kila shule isahihishe karatasi za wenzake. Gharama yake ni karatasi na nakala, jambo ambalo wazazi tunaweza kuchangia. Mtoto atajua mwaka mmoja kabla ya Exetat mahali alipo, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Na karatasi zikishasahihishwa zirudishwe nyumbani. Mzazi asiyejua kusoma Kifaransa atampata jirani wa kumsomea.

Sasa sehemu yetu, na ndiyo ngumu. Siku mwalimu atakapoandika ukweli, tuupokee. Ukiona 48, usimtoe mtoto, usimtukane prefe, usitume bahasha. Nenda umuulize mwalimu ni sura gani mtoto haelewi. Shule moja ikijaribu kuwa ya kweli peke yake, itabaki na viti vitupu, na ya pili haitathubutu. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kufanywa na mzazi mmoja jasiri. Ni lazima tukubaliane kartie nzima, Mhema, Mlendu, Mualuri, Mnande, mwenyeji na mkimbizi: hakuna kununua pointi, hakuna kuchangia pesa za buyoni, na hakuna kukimbia shule kwa sababu imesema kweli. Wachungaji, mapadri, maimamu na chefu wa kartie, tunaomba sauti zenu katika hili.

Ninawafikiria vijana wanaoingia mwaka wa kwanza pale Chuo Kikuu cha Bunia au chuo cha ualimu cha ISP baada ya mzazi kuuza mbuzi wa mwisho, wakiwa na diploma ambayo buletini yake ilidanganya au Exetat yake ilinunuliwa. Hawajui kuandika ukurasa mmoja. Hasira yao wanaielekeza kwa profesa, ilhali deni lilianza shuleni miaka minne nyuma, nasi tulikuwa tunatia sahihi kila periodi.

Jumapili hii baada ya misa au ibada, au Ijumaa baada ya swala, mtafute mjumbe wa kamati ya wazazi wa shule ya mtoto wako. Muulize mkutano ni lini. Akisema haujapangwa, kaeni pamoja mpange tarehe, kisha mje mmwambie jirani.