Filamu Si Kitabu: Funzo Kutoka Bonde la Upepo

Imezuka dhana miongoni mwa baadhi ya wanafunzi wa fasihi kwamba aliyetazama filamu iliyotokana na kitabu amekwisha kukisoma kitabu chenyewe. Ipo dhana ya pili, iliyokita mizizi hata miongoni mwa wasomi, kwamba hadithi za michoro ni vitu vya watoto visivyostahili uhakiki. Makala haya yanashikilia kuwa dhana zote mbili ni potofu. Ushahidi wetu tutautoa Japani, katika kazi ya mtunzi mmoja, Hayao Miyazaki.

Mnamo mwaka wa 1982, Miyazaki alianza kuchapisha katika jarida la Animage hadithi ya michoro, au manga kama Wajapani waiitavyo. Anwani yake ni Kaze no Tani no Naushika, yaani Nausicaä wa Bonde la Upepo. Mwaka wa 1984 yeye mwenyewe aliongoza filamu ya katuni iliyotokana na hadithi hiyo. Wakati huo masimulizi yalikuwa bado machanga. Yalikamilika mwaka wa 1994, yakiwa yamejaza juzuu saba. Kwa hiyo filamu ilitamatisha kisa ambacho mtunzi alihitaji miaka kumi zaidi kukifikisha mwisho.

Mandhari ni ya dunia iliyokwisha kuangamia. Miaka elfu moja imepita tangu vita viitwavyo Siku Saba za Moto viteketeze ustaarabu wa viwanda. Msitu wa kuvu utoao hewa ya sumu umetanda kila upande, nao unalindwa na wadudu wakubwa mno, wakiwemo Ohmu. Bonde la Upepo limesalimika kwa sababu upepo wa baharini huifukuza sumu. Nausicaä, binti wa mtawala wa bonde hilo, anagundua kwamba chini ya msitu mna maji na hewa safi: mimea inayoogopwa na wote ndiyo inayoitakasa ardhi iliyochafuliwa na binadamu.

Hadi hapo filamu na manga zinaandamana. Zinapoachana, zinaachana kabisa. Katika filamu, Nausicaä anajitoa mhanga mbele ya kundi la Ohmu lililoghadhibika. Anakufa, kisha Ohmu wanamfufua, na utabiri wa kale unatimia. Mtazamaji anaondoka ameridhika, akiamini kwamba maumbile yataponya yaliyoharibiwa na kwamba wema hulipwa.

Manga hairuhusu faraja hiyo. Humo kuna vita virefu kati ya Torumekia na Dorok, dola ambayo katika filamu haimo kabisa. Humo Nausicaä anafika Shuwa, kwenye kaburi linalohifadhi maarifa ya wahenga, na kugundua kwamba msitu si kazi ya maumbile. Ulibuniwa na watu wa kale ili uisafishe dunia. Isitoshe, binadamu wa leo nao waligeuzwa miili ili waweze kuishi katika uchafu. Hewa safi kabisa itawaua. Kaburini mmewekwa viini vya binadamu wapya, wapole, watakaoirithi dunia itakapotakasika. Nausicaä anaamua kuliangamiza kaburi hilo pamoja na viini vyake, kisha anawaficha watu wake ukweli huo.

Je, huyu ni shujaa au muuaji? Ana haki gani ya kuwaamulia wasiozaliwa? Na kiongozi anayewaficha watu wake ukweli ili waendelee kuwa na matumaini, tumwiteje? Maswali haya ni mazito kama yoyote tunayoyajadili katika tamthilia na riwaya zetu, nayo yamo katika ile hadithi ya michoro tunayoidharau. Waswahili husema, usione wembamba wa reli, gari la moshi hupita.

Huenda msomaji akapinga kwamba filamu ina takriban saa mbili tu, na haiwezi kubeba juzuu saba. Hoja hiyo tunaikubali, wala hatuibezi filamu. Fasihi simulizi imetufunza kwamba kila utendaji ni kazi mpya, na fanani hubadilisha ngano kulingana na hadhira. Hata filamu hiyohiyo, ilipopelekwa Marekani mwaka wa 1985 kwa jina la Warriors of the Wind, ilikatwa zaidi ya dakika ishirini, na ujumbe wake kuhusu mazingira ukafifia. Kila mkono uliopita uliacha alama yake. Ndiyo sababu hatuwezi kuhakiki kazi moja na kudai tumehakiki nyingine.

Hapa kwetu Kenya vitabu teule vya shule za upili huigizwa jukwaani na kurekodiwa, na si ajabu mwanafunzi akategemea maigizo hayo pekee. Anachokipata ni tafsiri ya mwelekezi, wala si kitabu.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, idara zetu ziipe hadithi ya michoro nafasi katika kozi za uhakiki, isomwe kama utanzu wenye mbinu zake. Pili, mwanafunzi anayetazama filamu aifungue kazi asilia pia, na ajiulize ni nini kilichoachwa, na kwa nini. Aliyeishia kwenye filamu ya mwaka wa 1984 anamjua Nausicaä aliyefufuka. Yule wa Shuwa, aliyebeba siri nzito, bado hajakutana naye.